Nimeletewa Niasini Kutoka Muscat: Je, Niitupe Dawa Yangu ya Mafuta?

SWALI

Bibi Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Wete, na umri wangu ni miaka 61. Nina maradhi ya sukari kwa mwaka wa tisa sasa, ambayo natumia metformini, na nina presha, ambayo natumia amlodipini. Kaka yangu wa tumbo moja alifariki ghafla akiwa na miaka 52, siku ya pili tu baada ya kulalamika kiungulia, na tangu hapo roho yangu haitulii kila nisikiapo habari za mafuta katika damu.

Mwaka jana daktari alinianzishia atorvastatini ya miligramu 20. Nilikaa nayo miezi minne bila ya tatizo lolote. Kisha nikasumbuliwa na tumbo, nikaambiwa nina vijidudu vya vidonda vya tumbo, na duka moja la dawa likanipa dozi ya siku 14, mojawapo ikiwa ni klarithromaisini. Wiki ya pili ya dozi hiyo mapaja yakaanza kuniuma kiasi cha kuwa nikisujudu siinuki mpaka nishike ukuta. Jirani yangu akaniambia kwamba dawa za mafuta ndizo zinazokula nyama za mwili, nami nikaiacha. Maumivu yaliondoka baada ya wiki tatu, na badala yake nikawa nakula habbat soda kijiko kimoja kila asubuhi.

Baadaye nilipima tena, saa nne asubuhi, nikiwa nimeshakunywa chai. Cheti kinasema kolesteroli yote 6.9, HDL 0.9 na trigliseridi 3.9. Miaka mitatu nyuma nilipopima Dar es Salaam kolesteroli yangu ilikuwa 232, kwa hiyo nilishukuru sana kuona imeshuka hadi 6.9, nikajua habbat soda imefanya kazi. Ila pembeni ya trigliseridi palikuwa na herufi H, na pembeni ya HDL herufi L, na aliyenikabidhi cheti hakunieleza zaidi ya kusema, "Punguza mafuta, mzee."

Nilimpelekea mpwa wangu aliyeko Muscat picha ya cheti hicho. Yeye si daktari, lakini ni msomaji sana. Akanijibu kwamba HDL ikiwa chini na trigliseridi zikiwa juu, dawa yake khasa ni niasini, kwamba hiyo ni vitamini B3 tu wala si kemikali, na kwamba peke yake hufanya kazi tatu: huteremsha mafuta mabaya, huteremsha trigliseridi na hupandisha mafuta mazuri. Chupa ikaja kwa mkono wa msafiri. Ijumaa ya kwanza nilimeza vidonge viwili vya miligramu 500 kwa chai ya rangi, sijala kitu, nikaenda msikitini. Khatibu hajafika katikati ya khutba, masikio yakaanza kuwaka kana kwamba yamepakwa pilipili, kisha uso, kisha shingo na kifua, na ngozi ikawa inawasha kama niliyejilaza juu ya upupu. Kijana aliyekaa ubavuni mwangu akaninong'oneza, "Maalim, macho yako yamekuwa mekundu, toka nje upate hewa." Nilitoka nikakaa penye birika la kutawadhia, nikajimwagia maji. Baada ya muda wa saa moja hivi yote yakaondoka kama hayakuwepo. Mzee mmoja alinisomea, na nyumbani mke wangu akafukiza ubani, kwa sababu wote waliafikiana kwamba nimepigwa na kitu.

Mpwa wangu alipopata khabari alicheka, akanipelekea chupa ya pili, iliyoandikwa kuwa dawa yake hutoka polepole na haileti joto. Hiyo nimeitumia vidonge viwili vya miligramu 500 kwa siku kwa miezi miwili na nusu, na kweli joto sijaliona tena. Jambo moja tu: sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula, ambayo ilikuwa ikicheza kwenye 8 na 9, sasa haishuki chini ya 12. Nadhani ni halua ya harusi ya binti yangu, ingawa harusi yenyewe imepita miezi miwili. Chakula changu ni cha kawaida. Mayai nimeacha, nyama nimeacha, na sukari nimeacha isipokuwa kwenye chai.

Naomba unijibu. Niendelee na niasini na niachane kabisa na ile atorvastatini? Lile joto lilikuwa nini? Na mpwa wangu anasema kuna dawa nyingine ya trigliseridi inayoitwa fenofibrati, je, ninaihitaji?

Maalim mstaafu, Wete, Pemba

JIBU

Waalaykum salaam, Maalim, na shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu majibu mengi umeyaandika mwenyewe ndani yake bila ya kujua, na kazi yangu hapa ni kuyaokota na kuyapanga. Nianze na yale yasiyofaa kungoja. Niasini iache leo. Haihitaji kupunguzwa kidogo kidogo. Ndani ya wiki hii nenda ukamwone daktari wako ukiwa na chupa zote mbili mkononi, upimwe ini, sukari na mafuta. Ukiona macho yamegeuka manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, kichefuchefu hakiishi au pana maumivu chini ya mbavu za kulia, usingoje wiki, nenda siku hiyo hiyo. Metformini na amlodipini endelea nazo kama ulivyoandikiwa.

Sasa tuanze na cheti chako, maana hapo ndipo palipoanza kukosewa. Kolesteroli yako haikushuka, Maalim, imepanda. Ile 232 ya Dar es Salaam ilipimwa kwa miligramu kwa desilita, na hii 6.9 imepimwa kwa milimoli kwa lita, na kuzilinganisha hivyo zilivyo ni kama mtu aliyepima karafuu zake kwa pishi mwaka jana, akazipima kwa gunia mwaka huu, kisha akalia kwamba mavuno yamepungua. Ukiigawanya 232 kwa 38.67 unapata 6.0. Kwa hiyo umetoka 6.0 ukaenda 6.9, na habbat soda, ambayo sina ugomvi nayo kama kiungo cha mkate, haistahili pongezi uliyoipa. Kosa hili si lako peke yako. Maabara zetu hutumia vipimo vyote viwili, herufi zinazosema kipi kimetumika ni ndogo kuliko chembe ya ufuta, na wanaotoa vyeti mara nyingi hawazitaji. Trigliseridi, ambazo ni aina nyingine ya mafuta ya damu, nazo zina kigawanyo chao, 88.57, usije ukatumia kile cha kolesteroli.

Namba muhimu kuliko zote kwa mtu kama wewe ni LDL, yaani yale mafuta mabaya aliyoyasema mpwa wako, nayo hukuitaja, lakini tunaweza kuipata kwa hesabu: chukua kolesteroli yote, toa HDL, yaani mafuta mazuri, kisha toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Yaani 6.9 toa 0.9, toa 1.8, inabaki 4.2. Hesabu hii haiaminiki trigliseridi zikipita 4.5, nawe hauko mbali na hapo, tena ulipima ukiwa umeshakunywa chai, jambo linalozipandisha trigliseridi zaidi kuliko linavyogusa kolesteroli. Kipimo kijacho ufunge saa 10 hadi 12, maji ya kunywa yanaruhusiwa, ili tujue ile 3.9 ni yako au ni ya maandazi. Lakini hata tukiisamehe chai, LDL ya 4.2 kwa mtu wa miaka 61 mwenye sukari na presha, ambaye kaka yake aliondoka na miaka 52 kwa kiungulia ambacho pengine hakikuwa cha tumbo, Mungu amrehemu, si namba ya kuachwa ilivyo. Inatakiwa ishuke angalau nusu, na kwa mtu wa hali yako madaktari hupendelea ifike chini ya 1.8.

Lile joto la msikitini halikuwa jini wala hasadi, ingawa kusomewa hakukukudhuru. Niasini ya kawaida ikiingia mwilini kwa wingi na tumbo likiwa tupu, chembe za ngozi hutoa kemikali zinazoitwa prostaglandini, na hizo huitanua mishipa midogo ya damu usoni, shingoni na kifuani. Huanza baada ya robo saa hadi nusu saa, huwasha, huchoma, kisha huondoka yenyewe. Chai yako ya moto ilisaidia kuliharakisha. Madaktari waliokuwa wakiitumia dawa hii zamani walikuwa wakiwaanzishia wagonjwa kwa dozi ndogo, wakiwaambia waimeze na chakula, na mara nyingine wakiwapa aspirini nusu saa kabla. Wewe ulianza na miligramu 1,000 kwa mkupuo, na hakuna aliyekwambia lolote.

Chupa ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu imekuondolea kero ikakuachia hatari. Kwenye rafu za maduka ya vitamini kuna vitu vitatu vinavyovaa jina la niasini. Kipo cha kawaida, kinachochoma, ambacho kweli huteremsha mafuta. Kipo kinachoandikwa kuwa hakichomi kabisa, ambacho ndani yake huwa na inositoli heksanikotineti au nikotinamidi. Hivyo havichomi na wala haviteremshi mafuta, kwa hiyo mnunuzi analipia utulivu wa ngozi yake tu. Na kipo kinachotoka polepole, ambacho huchoma kidogo lakini kinapouzwa kama vitamini ya dukani, bila ya daktari kupima ini, ndicho kinachojulikana zaidi kwa kuliumiza. Umeniambia kuwa cha kwako hutoka polepole, na sukari yako imepanda tangu ukianze, na hilo linanifanya niamini kwamba ndani yake mna niasini ya kweli. Mwanamme mzima anahitaji miligramu 16 za vitamini hii kwa siku, kiasi ambacho kipande cha jodari na konzi ya njugu vinakikaribia. Wewe umekuwa ukimeza zaidi ya mara sitini ya hapo. Kitu kikishaitwa vitamini watu hukitoa katika hesabu ya dawa, na kila jamaa atokaye Muscat hakosi chupa yake begini, baina ya udi na halua ya Kiomani. Kwa dozi hiyo, Maalim, niasini ni dawa, na ina madhara ya dawa.

Nisimdhulumu mpwa wako, hata hivyo. Alichokisoma hakikuwa uzushi. Mwaka 1955 watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Kanada, Rudolf Altschul, Abram Hoffer na James Stephen, walionesha kwamba niasini kwa dozi kubwa huteremsha kolesteroli, na ikawa miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa za kazi hiyo. Baadaye Marekani ikafanyika utafiti mkubwa, baina ya mwaka 1966 na 1975, kwa wanaume waliokwisha kupata shambulio la moyo, na waliopewa niasini walipata mashambulizi machache zaidi yasiyoua. Enzi hizo statini, yaani jamii ya dawa za mafuta ambayo atorvastatini yako ni mojawapo, hazikuwepo. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Swali lililobaki likawa hili: mtu ambaye tayari anatumia statini, akiongezewa niasini ili HDL ipande na trigliseridi zishuke, atapata nini?

Jibu lilikuja mara mbili. Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada, uitwao AIM-HIGH, ulichukua watu 3,414 wenye maradhi ya moyo na mishipa ambao HDL yao ilikuwa chini na trigliseridi juu, yaani watu wenye cheti kinachofanana na chako. Waliopewa niasini juu ya statini, HDL ikapanda kweli na trigliseridi zikashuka kweli. Mwaka 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu mashambulizi ya moyo hayakupungua hata kidogo. Kisha ukaja ule wa HPS2-THRIVE, uliotangazwa kwa ukamilifu mwaka 2014, wenye watu 25,673 kutoka Uingereza, nchi za Skandinavia na China, waliofuatiliwa kwa karibu miaka minne. Nusu yao walipewa niasini ya kutoka polepole pamoja na kitu cha kuzuia joto. Hapakupatikana faida kwa moyo. Kilichopatikana ni kutokwa na damu, maambukizi, maumivu ya misuli, watu wasiokuwa na sukari kuipata, na wale waliokuwa nayo, sukari zao kuvurugika vibaya kwa kiasi cha nusu na zaidi kuliko wenzao. Mchanganyiko ule uliondolewa sokoni mwaka 2013, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaondoa idhini ya kutumia niasini ya kutoka polepole pamoja na statini.

Kwa hiyo halua ya binti yako naiombea msamaha. Halua ya harusi ya miezi miwili iliyopita haiwezi kuishikilia sukari kwenye 12 mpaka leo, lakini vidonge viwili vya niasini vinavyomezwa kila siku vinaweza, kwa sababu niasini huufanya mwili uikaidi insulini. Hupandisha pia asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo. Kama kidole gumba cha mguu kimekuwa kikikuamsha usiku, mwambie daktari. Ukishaiacha, endelea kuipima sukari yako kila asubuhi na uiandike kwenye daftari. Ikikataa kushuka baada ya wiki mbili tatu, metformini peke yake haikutoshi tena. Omba pia upimwe HbA1c, inayoonesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, ila ujue kwamba kwa sasa itakuwa imebeba pia ile miezi ya niasini.

Naja kwenye atorvastatini, ambayo umeihukumu bila ya kumsikiliza shahidi. Umesema mwenyewe ulikaa nayo miezi minne bila ya tatizo, na kwamba mapaja yalianza kuuma wiki ya pili ya klarithromaisini. Atorvastatini huvunjwa ndani ya ini na kimeng'enya fulani, na klarithromaisini hukifunga kimeng'enya hicho mikono, hivyo dawa iliyokuwa ikitoka mwilini kila siku ikawa inajikusanya, na miligramu zako 20 zikafanya kazi kama dozi kubwa mno. Aliyekupa dozi ile ya tumbo alipaswa kukuuliza unatumia dawa gani nyingine, na kama angeuliza, angekwambia usimamishe atorvastatini kwa siku zile 14 kisha urudi nayo, au angekutafutia dozi nyingine ya tumbo. Mimi ni mfamasia na hili linaniuma, kwa sababu ni swali la nusu dakika. Kuanzia leo weka orodha ya dawa zako zote ndani ya simu, na uitoe kila unapopewa dawa mpya, hata kama hujaulizwa. Balungi likiliwa kwa wingi nalo lina tabia ya namna hiyo hiyo kwa dawa hii.

Jirani yako sikubaliani naye, ila namwelewa. Maumivu ya misuli kwa statini yapo, na mara chache sana misuli huharibika kweli hata mkojo ukawa mweusi, jambo linalotaka hospitali mara moja. Lakini khofu yenyewe pia huumiza. Mwaka 2020 ulitangazwa utafiti wa Uingereza wa watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Walipewa chupa za mwezi mmoja mmoja, nyingine zikiwa na statini, nyingine vidonge vitupu visivyo na dawa, na nyingine hazina kitu, wakawa wanaandika kila siku wanajisikiaje. Karibu asilimia 90 ya taabu waliyoipata miezi ya statini waliipata vile vile miezi ya vidonge vitupu. Wewe sikuweki katika kundi hilo, maana yako yalikuwa maumivu ya kweli yenye sababu ya kweli, na kwa bahati njema sababu hiyo imeshaondoka.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba urudi kwenye statini, baada ya majibu ya ini kutoka na daktari kuridhika nayo. Kabla ya kurudi, uombe upimwe kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK na homoni ya tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikilegea huweza kupandisha kolesteroli na trigliseridi na kuumiza misuli kwa wakati mmoja, na wapo watu wengi waliolaumu dawa wakati mkosaji ni tezi. Kama maabara ya hapo ulipo haifanyi kipimo kimojawapo, muulize daktari kama inawezekana kukufanyia Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Daktari anaweza kukurudishia atorvastatini ile ile, au akakupa rosuvastatini, ambayo haipiti sana kwenye kimeng'enya nilichokitaja. Akikuandikia simvastatini, mkumbushe kuwa unatumia amlodipini, kwa sababu zikiwa pamoja simvastatini haitakiwi kuvuka miligramu 20, na kwa LDL ya 4.2 hiyo haitakufikisha mbali. Atorvastatini unaweza kuimeza saa yoyote, kwa hiyo mwezi wa Ramadhani haina udhuru; imeze baada ya futari au wakati wa daku, ila iwe saa ile ile kila siku. Baada ya wiki 6 hadi 12 upime tena. Ukiwa hujafika, dozi huongezwa, au huongezwa dawa iitwayo ezetimibi, ambayo huzuia kolesteroli isifyonzwe kwenye utumbo na hushusha LDL kwa kiasi cha moja ya tano zaidi. Haina sifa kubwa kama niasini, lakini ilipojaribiwa juu ya statini kwa watu 18,144 mashambulizi yalipungua, kidogo lakini kwa hakika.

Statini nazo hupandisha sukari kidogo, sikufichi. Tofauti yake na niasini ni kile unachopata badala yake. Katika utafiti wa nchi za Skandinavia uliotolewa mwaka 1994, wa wagonjwa wa moyo 4,444, simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30, na tafiti nyingi zilizofuata zikikusanywa pamoja zinaonesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1, mashambulizi makubwa ya moyo na viharusi hupungua kwa kiasi cha moja ya tano. Dawa hizi hazikuheshimiwa kwa kupendezesha cheti. Zilihesabiwa waliokufa na waliobaki.

Kuhusu fenofibrati nitasema machache: kwa sasa huihitaji. Kazi yake ya wazi ni kwa mtu ambaye trigliseridi zake zimepita 5.6, na khasa zinapokaribia 10 na kuendelea, ambapo kongosho huweza kuvimba ghafla na kuua. Wewe uko 3.9, tena baada ya chai. Ilipoongezwa juu ya simvastatini kwa wagonjwa wa sukari 5,518, katika utafiti uliotoka mwaka 2010, mashambulizi kwa jumla hayakupungua, na ndugu yake mpya, pemafibrati, aliyejaribiwa kwa watu zaidi ya 10,000 hadi mwaka 2022, aliziteremsha trigliseridi kwa robo nzima na moyo usifaidike. Kama siku moja itabidi uipate, iwe ni fenofibrati, wala isiwe jemfibrozili, ambayo haifai kuchanganywa na statini kwa sababu ya misuli.

Trigliseridi zako zina mlango mwingine, nao uko kwenye sahani na kwenye kikombe. Umesema sukari umeiacha isipokuwa kwenye chai. Mimi nimelelewa na wazee wa Pemba, Maalim, naijua hiyo chai. Tuseme ni vikombe vinne kwa siku na vijiko vitatu kila kikombe: hivyo ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 50 za sukari, na bado hatujahesabu boflo inayochovywa ndani yake. Ini likipata sukari na wanga kuliko linavyohitaji, hugeuza ziada kuwa trigliseridi na kuzimwaga kwenye damu. Kwa mwenye maradhi ya sukari yasiyodhibitiwa humwaga zaidi. Kwa hiyo mayai uliyoyaacha kwa uchungu hayakuwa adui mkubwa, na wali wa sahani iliyofurika, juisi ya miwa na tende saba badala ya mbili ndivyo vinavyoandika ile H. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki mpaka ufike sifuri, ulimi huzoea. Tia tangawizi, mdalasini na iliki usaidike.

Tui la nazi ni suala la LDL, kwa sababu mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni ya aina inayoganda, nayo huipandisha. Sikwambii uiache nazi, maana najua jibu utakalonipa. Ila mhogo wa nazi, samaki wa kupaka na wali wa nazi visikutane katika wiki moja kila siku. Badala ya tui zito la kwanza tumia la pili, na siku nyingine upikiwe mchuzi wa chukuchuku kwa ndimu na pilipili. Vibua, dagaa na jodari kula bila ya khofu, wakiwa wa kuchemsha au kuchoma, kwa sababu mafuta yao ni ya aina nyingine na yanasaidia trigliseridi. Na baada ya chakula cha usiku tembea nusu saa kabla ya kuketi barazani.

Chupa ya niasini iliyobaki, daktari akishaiona, mpe mfamasia aiteketeze. Usimpe shemeji wala jirani, maana najua watakuwa wameshaiulizia. Ukipata cheti kipya, andika juu yake tarehe, kipimo kilichotumika na kama ulikuwa umefunga, kisha kipige picha umpelekee mpwa wako, umwambie kwamba safari ijayo udi unatosha.